Kutoka Ujiji hadi Bagamoyo: mwongozo kamili wa kuzuru misikiti kwa njia ya zamani

Ramadhani moja shemeji yangu wa Dar es Salaam alikuja kututembelea Ujiji. Tumekaa barazani, uji uko kwenye chupa, tende ziko kwenye sahani, mara simu yake ikaadhini. Mkono ukaenda moja kwa moja kwenye tende. Mama akamshika kifundo: "Baba, angalia ziwani kwanza." Jua lilikuwa bado juu ya milima ya Kongo, kiasi cha ngumi nzima ukinyoosha mkono. Simu ilikuwa ikimsomea saa za Dar.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu watu wengi wanaoniuliza namna ya kuzuru misikiti ya nchi hii huanza na Dar na Zanzibar, wakifika huku kwetu wanafika wamechoka, wanapiga picha mbili pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone na kurudi. Mimi nashauri kinyume chake. Uislamu ulifika Kigoma na Tabora kwa miguu ya misafara, kwa njia iliyotoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, na ukianzia huku mwisho ukairudia njia hiyo kuelekea pwani, misikiti yenyewe inaanza kuzungumza. Utamkuta Mmanyema wa Ujiji, mtu wa asili ya Kongo mashariki, amejenga Kariakoo. Utamkuta mtoto wa Manyema ni sheikh Bagamoyo. Siku kumi zinatosha ukienda kwa garimoshi na usipokuwa na haraka.

Kwanza, saa na kibla

Fanya hili kabla hujakata tiketi. Nchi nzima tunatumia saa moja ya ukutani, lakini jua halijui hilo. Kila digrii moja ya longitudo ni dakika 4. Dar iko karibu na digrii 39, Dodoma 36 kasoro, Tabora 33 kasoro, Kigoma 29 na nusu hivi. Maana yake magharibi ya Kigoma huja nyuma ya Dar kwa wastani wa dakika 38 au 39, Tabora dakika 26 hivi, Dodoma kama 14. Adhuhuri ya Kigoma huingia karibu na saa 7 mchana, wakati Dar wameshaadhini tangu saa 6 na nusu. Kwa hiyo kalenda ya Ramadhani iliyochapishwa Dar usiibandike ukutani Mwanga, hapa Kigoma mjini, na programu ya simu iruhusu isome mahali ulipo au ibadilishe mji kwa mkono kila unaposhuka. Ukienda upande wa mashariki hatari ni kinyume: mtu wa Ujiji akiwa Dar hujiona ana muda, anaagiza chai ya pili, akifika msikitini wanatoa salamu. Limenikuta.

Kibla nacho kinahama. Ukiwa Dar, Makka iko kaskazini karibu kabisa, inaegemea mashariki kwa digrii moja tu. Dodoma inaegemea kama digrii 8, Tabora 14, na Kigoma hufika 20. Mgeni wa Dar aliyezoea "kaskazini tu" akisali peke yake gesti ya Kigoma anakuwa amekosea kwa digrii 20, na hilo si jambo dogo. Ndani ya msikiti mihrabu inakumalizia kazi. Gesti, fuata dira ya simu, lakini iweke mbali na kitanda cha chuma, maana chuma huipotosha.

Kama una shaka na dira, kuna njia ya bure. Mara mbili kwa mwaka jua hupita wima juu ya Makka: tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana, na tarehe 16 Julai saa 6:27 mchana. Saa ya Makka na yetu ni moja, kwa hiyo huna hesabu ya kufanya. Dakika hiyo simamisha kijiti wima uani. Kivuli kitalala upande ulio kinyume na Makka. Chora mstari sakafuni na nyumba yako ina kibla sahihi milele. Mzee mmoja jirani yetu alifanya hivyo, akagundua kwamba kabati lake lilikuwa limenyooka vizuri zaidi kuliko mkeka wake.

Utambulisho, nguo na viatu

Chukua barua fupi kutoka kwa imamu wa msikiti wako au ofisi ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) ya kata. Hakuna atakayekudai barua ili usali. Utaihitaji unapotaka kukaa na wazee, kuona vitabu vya zamani au kupiga picha ndani. Barua inafupisha maswali. Bila barua utajibu "wewe ni nani na umetumwa na nani" mpaka alasiri.

Mwanamume kanzu na kofia vinatosha, na suruali safi na shati la heshima havina tatizo popote. Akina mama baibui au gauni refu na mtandio. Mke wangu ana mbinu yake: akifika mlangoni haulizi kama wanawake wanaruhusiwa, anauliza, "Mlango wa akina mama uko wapi?" Kama upo ataonyeshwa. Kama haupo, mara nyingi anatokea mtu wa kumpeleka nyumba ya jirani akapate maji na mkeka. Misikiti mingi midogo ya mitaani haina nafasi ya wanawake, mikubwa ya Ijumaa kwa kawaida inayo, ghorofani au nyuma ya pazia. Ulizeni mapema, msisubiri ikimiwe.

Rafiki zetu wasio Waislamu nao huzuru. Njoo kati ya sala na sala, saa 3 hadi saa 5 asubuhi ndiyo bora, usije Ijumaa mchana. Mtafute mwadhini au mlinzi, jitambulishe, vua viatu, usipite mbele ya mtu anayesali. Picha ya mihrabu omba ruhusa. Picha ya watu wakisujudu acha kabisa.

Viatu. Nenda na mfuko wa kitambaa, vitie humo, uingie navyo. Katika msikiti mmoja wa mjini ambao sitautaja niliacha ndala mpya mlangoni kwa imani, nikatoka nikakuta moja ya kushoto ya bluu na nyingine ya kushoto ya kijani. Nilitembea hivyo mpaka dukani.

Anzia Ujiji

Panda daladala au bajaji kutoka Mwanga mpaka Ujiji mchana, mapema. Ujiji ulikuwa mji wa misafara kabla Kigoma haijawa kitu. Wapelelezi Burton na Speke walipoufikia Februari 1858 walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wameshajenga hapa. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapa hapa, na jumba la kumbukumbu lipo, na miembe inayosemekana kutokana na ule wa asili uliokwishakufa. Litembelee, hakuna ubaya. Lakini biashara iliyoujenga mji huu ilikuwa pembe na watu, na wengi wa waliofika hapa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, walifika wakiwa wamefungwa au wakiwa wapagazi. Wajukuu wao ndio wanaojaza saffu ya mbele leo. Usisome historia ya mnara wa mzungu ukaiacha hiyo.

Usitafute minara mirefu Ujiji. Misikiti ya mitaani ni nyumba za mabati, kuta nene, veranda ya mbele, birika la udhu pembeni na mkeka uliofifia pale paji la uso linapogusa. Fanya hivi: sali adhuhuri msikiti wa mtaa wowote, ukimaliza usiondoke. Subiri uradi uishe, msogelee mzee aliyeegemea nguzo, msalimie "shikamoo mzee", kisha uliza swali moja tu: "Msikiti mkongwe wa hapa ni upi, na ulijengwa na nani?" Utapewa majibu matatu yanayopingana kutoka kwa wazee watatu. Yaandike yote. Ubishi wao ndio historia yenyewe, kwa sababu kila mmoja anautetea msikiti wa ukoo wake.

Alasiri kaa uone madrasa. Watoto wanarudi shule, wanabadili nguo, mbao na misahafu vinatoka, sauti zinapanda. Magharibi nenda karibu na ziwa, jua linazama upande wa Kongo, adhana kutoka mitaa minne mitano zinaanza kwa kupishana sekunde chache tu, hakuna anayemngoja mwenzake. Sijapata kusikia kitu kama hicho Dar, pengine kwa sababu ya honi.

Ujiji ndiko alikozaliwa Kaluta Amri Abedi mwaka 1924, mshairi na sheikh wa Jumuiya ya Ahmadiyya, aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Namtaja ili ujue mapema kwamba njiani utakutana na madhehebu mengi: Sunni wa Kishafi ndio wengi, wapo watu wa tarika ya kisufi ya Qadiriya, Answar Sunna, Ibadhi, Shia Ithnasheri, Ismailia, Bohora, Ahmadiyya. Mgeni hana kazi ya kuamua ugomvi wa mtu. Ukiingia alfajiri imamu akasoma dua ya qunut, inua mikono. Asiposoma, shuka naye kwenye sijda.

Kabla hujaondoka nunua dagaa wa Kigoma, pakiti ndogo tano au sita zilizofungwa vizuri. Ni zawadi ya wenyeji wako njiani, na inafungua milango kuliko barua niliyokwambia.

Ndani ya garimoshi

Ratiba na nauli ziulize stesheni yenyewe, maana hubadilika. Reli hii ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kwa sehemu kubwa inafuata njia ya misafara. Jumla hadi Dar ni kilomita 1,250 hivi.

Safari ni ndefu kiasi cha kukuruhusu kupunguza sala za rakaa 4 kuwa 2, na kukusanya adhuhuri na alasiri, au magharibi na isha. Chukua udhu kabla behewa halijajaa na uwe na chupa yako ya maji, maji ya behewani ni ya bahati. Ukielekea pwani, kwa jumla kibla kiko mkono wako wa kushoto. Reli ina kona zake, basi elekea unapoanza sala na umalize. Garimoshi likitikisika mno, kaa. Kuna abiria husubiri stesheni wateremke wasali chini: Uvinza, Kaliua, Urambo. Nakuomba usifanye hivyo bila kumuuliza mhudumu treni inasimama kwa muda gani. Nimemwona mtu akikimbia na kanzu mdomoni.

Tabora

Tabora ipe siku mbili kamili. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, wakakuta makazi ya Waarabu yenye nyumba za tembe, bustani na visima. Huu ulikuwa ndio njia panda: msafara wa Ujiji na ule wa Karagwe na Buganda ilikuwa ikiachana hapa. Hamed bin Muhammed, huyo Tippu Tip mfanyabiashara wa pembe na watumwa, baba yake aliishi hapa na kumwoa binti wa mtemi Fundikira. Ukitaka kuelewa Uislamu wa Unyamwezi anzia kwenye ndoa hizo. Waarabu waliooa wakabaki walikuwa na wakwe, na wakwe walikuwa na vijana wapagazi waliokwenda pwani wakarudi na kofia.

Siku ya kwanza tembea mitaa ya zamani, Gongoni na Kanyenye, chini ya miembe. Usipange foleni ya misikiti mingi, chagua miwili. Mmoja usali adhuhuri, mwingine magharibi mpaka isha, ukae darsa katikati. Darsa za Tabora nazipenda kwa sababu mwalimu husoma kitabu cha Kiarabu neno kwa neno na kukifasiri papo hapo, na mzee nyuma atamkatiza kumsahihisha Kiswahili, si Kiarabu. Kaa kimya. Ukiona dufu limetundikwa ukutani umo kwa watu wa maulidi. Uliza siku yao. Mwezi wa Mfungo Sita utakuta kila mtaa una usiku wake.

Siku ya pili nenda Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi ya mji, ukaone tembe walilokaa Livingstone na Stanley. Utazame mlango wa mbao uliochongwa na ua wa ndani: hiyo ndiyo nyumba ya mji wa Kiswahili iliyohamia bara. Misikiti ya kwanza ya Tabora ilijengwa na watu waliokaa nyumba za namna hiyo. Rudi na asali.

Dodoma na Morogoro, kwa haraka

Dodoma ni nusu siku. Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa 2010 kwa fedha za Libya, hubeba waumini wapatao 3,000 na ni miongoni mwa mikubwa nchini. Ni mzuri, una nafasi na sehemu ya akina mama haitafutwi kwa tochi. Kwangu hauna masimulizi mengi bado. Msikiti huzeeka na watu wake, uje tena baada ya miaka arobaini.

Dodoma ndipo unapoweza kuhamia treni ya reli ya kisasa kwenda Morogoro na Dar, iliyoanza 2024. Ukishuka Morogoro, omba kutembelea Chuo Kikuu cha Waislamu, kilichoanza 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, ambayo serikali ya Rais Mkapa iliwakabidhi Waislamu. Kwa anayetafuta vituo vya jamii, si kuta za sala tu, hapa ndipo pa kuuliza kuhusu masomo na mafunzo ya ualimu.

Dar es Salaam

Anza Kariakoo, na anza na Msikiti wa Manyema. Jina linakwambia yote: watu waliotoka Kongo mashariki, wengi kupitia Ujiji kwetu, waliofika pwani na kujenga mahali pao pa kusalia. Msalimie mzee yeyote na kumwambia umetoka Ujiji, kisha tega sikio. Kutoka hapo Msikiti wa Mtoro hauko mbali. Ijumaa Kariakoo fika mapema sana. Saffu humwagika barabarani na jua la saa 7 halina huruma, basi beba mkeka wako mwepesi.

Siku inayofuata nenda katikati ya mji, Mtaa wa Mosque na mitaa inayouzunguka. Hapo kwa mwendo wa dakika kumi unapita msikiti wa Sunni, Jamatkhana la Ismailia na misikiti ya Ithnasheri na Bohora. Jamatkhana si la kuingia hovyo, utazame kwa nje. Msikiti wa Kitumbini usiuache.

Kisha Kinondoni, makao makuu ya BAKWATA. Baraza hili liliundwa 1968, mwaka ule ule Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyokuwapo tangu 1945, ilipopigwa marufuku. Uamuzi huo bado unabishaniwa kwenye baraza za kahawa, na ukiuanzisha mjadala uwe na muda. Msikiti wa Mohammed VI uliopo hapo umejengwa kwa msaada wa Morocco baada ya ziara ya mfalme wao Oktoba 2016. Tazama kazi ya vigae na plasta iliyochongwa. Kama una shida ya kiofisi, cheti cha ndoa, talaka, mirathi, usisubiri Kinondoni: anzia BAKWATA ya wilaya yako, makao makuu watakurudisha huko huko.

Ukiwa na siku za ziada

Kilwa Kisiwani nenda kwa basi hadi Kilwa Masoko, lipia kibali ofisi inayosimamia magofu, upate mwongozaji na chombo cha kuvuka. Msikiti Mkuu wa Kilwa sehemu yake kongwe ni ya kaskazini, ya karne ya 11 au ya 12. Ukumbi mpana wa kusini wenye matao na kuba ulikuja baadaye, enzi za sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Simama katikati ya nguzo uangalie juu. Matumbawe, chokaa, na hesabu ya mtu aliyejua anachofanya. UNESCO waliuingiza urithi wa dunia mwaka 1981, pamoja na Songo Mnara.

Unguja, pita Msikiti wa Malindi uone mnara wake wa umbo la pia, kisha Kizimkazi Dimbani. Maandishi ya Kikufi kandoni mwa mihrabu yana mwaka 500 Hijria, ndio 1107 Miladia. Jengo lilikarabatiwa karne ya 18 na watu bado wanasali humo, kwa hiyo vua viatu na subiri sala iishe. Watu hupita hapa mbio kwenda kuona pomboo. Usiwe mmoja wao.

Bagamoyo

Nimeiacha mwisho kwa sababu ndio mwisho wa njia. Asubuhi nenda Kaole, kilomita 5 hivi kusini ya mji, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya matumbawe yenye nguzo. Vaa viatu vya kufunga, majani yana miiba.

Alasiri rudi mjini uulize zawiya, yaani kituo cha tarika, ya Sheikh Ramiya. Jina lake Yahya bin Abdallah. Alizaliwa Manyema, akaletwa pwani mtoto, mtumwa. Akasoma, akawa huru, akawa khalifa wa Qadiriya ambaye watu wa bara na pwani walimfuata, mpaka alipofariki 1931. Njia ile ile uliyoipita kwa treni yeye aliipita kwa miguu, na hakuchagua. Ziara yake bado husomwa kila mwaka. Tarehe ulizia kabla hujafunga safari, kwa sababu siku hizo gesti zote hujaa.

Niliingia pale baada ya magharibi, dhikri haijaanza. Mzee mmoja aliuliza, "Mgeni wa wapi?" Nikamwambia Ujiji. Akanitazama kidogo, akasogea kwenye mkeka, akapiga piga ile nafasi kwa kiganja nikae. Pakiti ya mwisho ya dagaa ilibaki pale.